Nyumba ya Uuguzi Hupimwa Saa Nane za Usiku

Mwongozo kwa familia inayomtafutia mgonjwa wake mahali pa uuguzi na mazoezi baada ya kiharusi, ajali au upasuaji mkubwa

Daktari akishasema mgonjwa ataruhusiwa kesho kutwa, familia huingia mbioni. Mmoja anapiga simu, mwingine anatazama picha mtandaoni, wa tatu anapita kuona majengo. Katika haraka hiyo jicho hukimbilia vinavyoonekana upesi: bustani, vigae, mashuka meupe, upole wa anayepokea wageni. Vyote ni vizuri, ila havimgeuzi mgonjwa kitandani. Hoja ya mwongozo huu ni moja. Ubora wa nyumba ya uuguzi hutokana na idadi na ujuzi wa watu walio macho saa ambazo hakuna mgeni, na wewe, hata kama hukusomea tiba, unaweza kuvipima vyote viwili kabla hujalipa shilingi moja.

Kwa nini usiku

Mchukulie mtu aliyepata kiharusi akapooza upande mmoja. Mwili wenye afya hujigeuza wenyewe usingizini, lakini wa kwake haujigeuzi. Uzito ukikaa mahali pamoja, ngozi iliyobanwa kati ya mfupa na godoro hukosa damu, na saa chache tu zatosha kuanzisha kidonda cha kulalia. Hupenda kuanzia kwenye visigino, kwenye nyonga na juu kidogo ya makalio, pale mfupa ulipo karibu na ngozi. Kikiachwa kikachimbika, kinaweza kufika mfupani, na kukiponya ni kazi ya miezi. Ndiyo maana wauguzi hufundishwa kumgeuza mgonjwa wa namna hii karibu kila baada ya saa mbili, ingawa godoro maalumu laweza kurefusha muda huo kwa baadhi ya wagonjwa. Saa mbili hizo hazijui kama ni usiku wala kama ni Jumapili ya sikukuu.

Hatari nyingine ni mbili. Wagonjwa wengi wa kiharusi hupata shida ya kumeza, na uji unaopita njia ya hewa badala ya njia ya chakula huleta kichomi, ambacho ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo baada ya kiharusi. Kinga yake ni mhudumu asiye na haraka: amkalishe mgonjwa wima, ampe kijiko kidogo, angoje ameze, kisha amwache ameketi kama nusu saa kabla ya kumlaza. Ya pili ni kuanguka. Mtu anayejifunza upya kutembea akibanwa na haja usiku na asiitikiwe, atajaribu kwenda mwenyewe, na nyonga ikivunjika humrudisha hospitali. Hatari zote hizi hazizuiwi na mashine. Huzuiwa na mtu kuwepo kwa wakati wake.

Hata mazoezi, ambayo ndiyo sababu ya familia nyingi kutafuta nyumba hizi, yamo katika hoja hii. Baada ya kiharusi nafuu kubwa huja katika miezi mitatu ya mwanzo hivi, kisha huendelea polepole, kwa hiyo muda huo una thamani ya pekee. Lakini mtaalamu wa fiziotherapia akimshughulikia mgonjwa saa moja, zinabaki saa 23. Mhudumu anayemwinua kwa kumvuta mkono uliopooza anaweza kuliumiza bega na kubatilisha kazi ya saa ile moja. Yule anayemwambia, "Mzee, egemea mguu wa kulia, tunasimama pamoja," anampa zoezi jingine bila malipo ya ziada. Vyaelea vyaundwa, na nafuu unayoiona mchana imeundwa na kazi ya watu usioonana nao.

Hesabu ya mikono

Maneno matamu hayana kipimo, lakini mikono inahesabika. Juma lina saa 168. Mfanyakazi akifanya saa 45 kwa juma, ambacho ndicho kikomo cha saa za kawaida katika sheria ya kazi ya Tanzania, watahitajika watu karibu wanne ili mmoja tu awepo wakati wote, kabla hujahesabu likizo na ugonjwa. Basi ukijibiwa, "Tuna wahudumu wanane," usitulie bado: hao ni wawili kwa wakati mmoja. Ndiyo maana swali la kuuliza si "mna wafanyakazi wangapi?" bali "usiku wa kuamkia leo walikuwa macho wangapi, na wagonjwa walikuwa wangapi?"

> KISANDUKU: Piga hesabu hii ukiwa hapo hapo
>
> Mgonjwa mzito aliyepooza hugeuzwa salama na watu wawili. Kagua ngozi, badilisha pampasi, panga mito: makadirio dakika 10.
>
> - Wagonjwa 6 wa kugeuzwa: dakika 60 katika kila 120. Jozi moja inaweza, na inabaki na nafasi ya kuitikia kengele.
> - Wagonjwa 12: dakika 120 katika 120. Hakuna anayebaki kwa ajili ya anayeita.
> - Wagonjwa 15: dakika 150 katika 120. Haiwezekani, hata wakiwa na moyo wa dhahabu.

Hesabu hii haikutungwa ili kuwatia hofu wenye nyumba. Ripoti ya mwaka 2001 iliyoandaliwa kwa ajili ya serikali ya Marekani ilichunguza swali hili hili, ikaona kwamba wakazi wa muda mrefu wakipata chini ya takriban saa 4.1 za uuguzi kwa kila mtu kwa siku, hatari ya kudhurika huongezeka. Kwa nyumba ya watu 20 hiyo ni saa 82, yaani zamu kama kumi za saa nane katika siku nzima. Nchi ile huchapisha takwimu za wafanyakazi wa nyumba zake za uuguzi ili familia ilinganishe, na tangu 2008 huzipa nyumba hizo nyota kuanzia moja hadi tano. Kwetu familia haina orodha ya aina hiyo ya kulinganishia. Mkaguzi ni wewe.

Hatua sita za kuchagua

1. Andika mahitaji kabla hajatoka wodini. Huwezi kupima mikono bila kujua kazi iliyopo. Muulize daktari, muuguzi wa wodi na mtaalamu wa fiziotherapia: anageuzwa na watu wangapi? Anameza nini salama? Ana mpira wa mkojo au wa kulishia? Lengo ni lipi, na kwa muda gani? Jibu la mwisho ndilo linalotenganisha mambo mawili yanayochanganywa sana. Utengamao ni wa muda, una lengo, kwa mfano kuweza kutoka kitandani hadi chooni kwa fremu ya kutembelea baada ya wiki sita. Uuguzi wa muda mrefu ni wa kumtunza mtu ambaye hali yake haitarajiwi kubadilika sana. Muulize na mgonjwa mwenyewe, kwa utulivu na kwa heshima yake. Kiharusi kikimfunga ulimi, hakijamwondolea akili wala haki ya kusema anataka kulala na nani chumba kimoja.

2. Thibitisha jina na leseni. Majina hupotosha. Nchini Kenya, kibao cha nyumba ya uuguzi mara nyingi ni cha hospitali ndogo ya binafsi, hata ya kujifungulia. Neno rehabu kwa watu wengi ni kituo cha waraibu wa dawa za kulevya. Makazi ya wazee ya serikali, kama Sebleni na Welezo kule Zanzibar, yaliwekwa kwa wazee wasio na wa kuwatunza, si kwa kumfundisha mtu kutembea upya. Uliza basi wanapokea wagonjwa wa aina gani hasa. Kenya, kituo cha afya hupewa leseni na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno (KMPDC), na wauguzi husajiliwa na baraza lao. Tanzania Bara, wauguzi husajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga, na hospitali binafsi husajiliwa chini ya Wizara ya Afya. Cheti cha usajili wa kampuni au cha shirika lisilo la kiserikali si leseni ya kutoa huduma ya afya. Soma tarehe, jina na anwani, ulinganishe na mahali uliposimama.

3. Tembelea mara tatu, saa tofauti. Ziara ya kwanza fanya kwa miadi. Ya pili nenda saa ya chakula: tazama kama kuna anayelishwa amelala chali, na kama mhudumu mmoja anawalisha watatu kwa zamu ya kijiko. Ya tatu nenda zamu zinapobadilishana, jioni au alfajiri, hasa mwisho wa juma. Sikiliza wanapokabidhiana: je, wanatajiana mgonjwa mmoja mmoja, au wanaagana mlangoni? Kisha, usiku mmoja, piga simu ya kituo saa nane. Ukiitikiwa na mtu aliye macho, mweleze kwa adabu kwamba unamtafutia mzazi wako nafasi na ungependa kujua nani yuko zamu. Simu isiyopokelewa usiku ndiyo ile ile atakayoipiga daktari wa dharura anayeitafuta nyumba hiyo, asiitikiwe.

4. Omba kuona chati ya kugeuza wagonjwa. Hii ni karatasi inayoonyesha kila saa mgonjwa alilazwa ubavu gani, na nani alimgeuza. Waombe wafunike majina, maana siri za wagonjwa wengine si zako. Itazame kwa makini. Chati ya kweli ina miandiko tofauti na saa zisizolingana: saa nne na dakika kumi, saa sita kasoro robo, mahali pamoja maelezo kwamba mgonjwa alikataa au alikuwa chooni. Chati ambayo saini zote ni za kalamu moja na mwandiko mmoja, saa zote zikiwa kamili kuanzia jioni hadi asubuhi, huenda iliandikwa kwa mkao mmoja baada ya kupambazuka. Halafu omba ruhusa, bonyeza kengele ya kitanda kitupu, utazame saa yako. Uliza pia: "Mgonjwa akichachamaa usiku mnafanya nini?" Jibu zuri hutafuta sababu: maumivu, haja, hofu, mkojo uliozuilika. Jibu la kumfunga kitandani au kumpa dawa ya usingizi bila agizo la daktari ni sababu tosha ya kuondoka.

5. Soma mkataba kwa jicho la fedha. Bei ya mwezi peke yake haisemi kitu. Uliza kwa maandishi kama imejumuisha pampasi, dawa, daktari, gari la wagonjwa na mazoezi, na mazoezi hayo ni mara ngapi kwa wiki na kwa dakika ngapi. Uliza amana hurudishwaje mgonjwa akihamishwa, akirudi hospitali au akifariki. Nchini Kenya, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilichukua nafasi ya mfuko wa bima ya afya wa NHIF tangu 1 Oktoba 2024. Usikubali neno la mdomo kwamba bima italipa, iulize bima yenyewe. Ninyi mnaolipa mkiwa Muscat, London au Minneapolis, lipeni kwenye akaunti ya kituo na mpewe risiti, kisha mchague ndugu mmoja wa karibu atakayekwenda kwa miguu yake. Fedha huenda kwa simu, lakini ukaguzi wa ngozi hauendi kwa simu.

6. Zifanye wiki mbili za mwanzo kuwa za majaribio. Siku ya kuingia, kagueni mwili wa mgonjwa pamoja na muuguzi, mwandike mlichokiona, ili baadaye pasiwe na ubishi kidonda kilitoka wapi. Jifunze kukagua mwenyewe, kwa ruhusa ya mgonjwa na kwa kumsitiri. Bonyeza kwa kidole sehemu iliyobadilika rangi, kisha achia. Rangi ikibaki vilevile bila kufifia chini ya kidole, mgandamizo umeshaanza kuharibu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi, kwa hiyo tumia kiganja: tafuta pahali palipo na joto au baridi kuliko pembeni, pagumu au palipolegea, au pale mgonjwa anapokunja uso ukimgusa. Ukikuta dalili hiyo, mwite muuguzi papo hapo, pasisuguliwe wala kukandwa, na asilalie tena upande huo. Baada ya wiki mbili, rudia lile lengo la hatua ya kwanza uone kama mgonjwa amelikaribia.

Makosa yanayorudiwa sana

- Kuchagua nyumba iliyo karibu na tajiri wa ukoo badala ya iliyo karibu na atakayetembelea.
- Kuulizia idadi ya wafanyakazi bila kuulizia idadi ya walio macho usiku.
- Kudhani mpira wa mkojo ni unadhifu. Hupunguza kazi ya kubadilisha, lakini unaweza kuleta maambukizi. Uliza sababu yake na siku ya kuutoa.
- Kupeleka dawa kwenye mfuko wa plastiki bila orodha iliyosainiwa na daktari.
- Kuwafokea wahudumu. Anayekuogopa atakuficha kidonda, na anayekuheshimu atakuonyesha.

Mapingamizi yanayostahili jibu

Pingamizi zito kuliko yote ni la heshima: mzazi hatupwi. Ni kweli, na atakayemwacha mzazi kituoni asirudi amemtupa, hata kama analipa. Lakini hesabu ya mikono haibagui nyumbani na kituoni. Mkaza mwana mmoja aliyeachiwa mgonjwa wa kugeuzwa kila saa mbili, pamoja na watoto na jiko, hawezi kukesha siku saba, na mgonjwa atapata kidonda katikati ya mapenzi ya kweli. Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 57, inataja haki ya wazee kuishi kwa heshima, bila kudhulumiwa, na kupata matunzo kutoka kwa familia na kwa serikali. Haisemi paa ni la nani. Kama nyumbani pana mikono miwili ya usiku, godoro zuri na mtaalamu anayekuja au hospitali ya karibu yenye idara ya fiziotherapia, nyumbani panaweza kushinda. Kipimo ni kile kile kwa pande zote mbili, na ndiyo haki yake.

Wengine husema mwenye fedha atapata tu pazuri, na asiye nazo hana la kuchagua. Bei kubwa inaweza kununua wahudumu zaidi, lakini pia inaweza kununua marumaru, na risiti haikuambii ni kipi ulicholipia. Nyumba ya kawaida yenye wagonjwa wanane na watu wawili macho usiku humtunza mgonjwa kuliko jumba la wagonjwa 30 lenye watu wawili hao hao. Asiye na uwezo mkubwa ndiye anayehitaji zaidi kipimo hiki, kwa sababu hawezi kukosea mara mbili.

Wapo pia watakaosema kwamba kutaka kuona usiku ni kuwasumbua watu na kuingilia faragha ya wagonjwa. Faragha ni haki, na hakuna kituo kinacholazimika kumruhusu mgeni azurure wodini usiku wa manane. Lakini simu, makabidhiano ya zamu, ratiba ya wafanyakazi na chati iliyofunikwa majina havimvunjii mtu sitara. Ziara moja inaweza kudanganya, iwe kwa wema au kwa ubaya. Ndiyo sababu ya kwenda mara tatu. Na hospitali ikikuhimiza kitanda kitolewe kesho, omba siku mbili na utoe sababu kwa maandishi. Mbili hizo zinatosha kwa simu ya usiku na ziara za saa tofauti.

> ORODHA YA KUBEBA MKONONI
>
> ☐ Mahitaji ya mgonjwa yameandikwa na wodi, na lengo lina tarehe
> ☐ Mgonjwa ameulizwa na amesikilizwa
> ☐ Leseni imeonekana, haijaisha muda, anwani inalingana
> ☐ Idadi ya walio macho usiku na idadi ya wagonjwa wa kugeuzwa imeandikwa, hesabu imepigwa
> ☐ Mlo umeshuhudiwa, mgonjwa ameketi wima
> ☐ Zamu zimeonekana zikikabidhiana
> ☐ Simu ya saa nane usiku imepokelewa
> ☐ Chati ya kugeuza imeonekana
> ☐ Kengele imejaribiwa
> ☐ Gharama zote na masharti ya kurudishiwa amana yako kwenye karatasi
> ☐ Ndugu wa kutembelea ametajwa kwa jina, na siku zake

Baada ya yote hayo, nyumba mbili zikilingana, ichague ile ambayo muuguzi wake hakushtuka ulipoomba chati. Kisha, siku moja ya juma la kwanza, fika alfajiri. Ukikuta mgonjwa wako amelalia ubavu wa kushoto, mto katikati ya magoti, visigino vikielea bila kugusa godoro, na chati miguuni mwa kitanda ikisema aliwekwa hivyo saa kumi na moja kasoro dakika kumi, basi unaweza kurudi nyumbani ukalala.